Ujumbe Wako Umefika

Namna Fakihi Mwinyimvua alivyofika nchi ya Fungamano haina mengi ya kusimuliwa. Alitembea siku mbili akifuata mto, akachubuka visigino, akafika Jumatatu asubuhi. Yenye kusimuliwa ni yale aliyoyakuta huko, na anayeyasimulia anaomba radhi mapema ikiwa sauti yake itapanda hapa na pale, maana kuna mambo mtu hawezi kuyaeleza kwa upole hata akitaka.

Fakihi alikuwa karani wa vipimo katika Ofisi ya Bwawa, huko juu mto unakoanzia. Ukuta wa bwawa lao ulikuwa umepata ufa, na mafundi wakakata shauri kwamba maji yafunguliwe Alhamisi, yote kwa mara moja, kabla ukuta haujabomoka wenyewe. Kwa hesabu ya Fakihi, maji hayo yangefika Fungamano saa sita mchana siku hiyohiyo. Mahali ambapo yangepakuta kwanza ni Bondeni, mtaa wa watu mia tatu na kumi na wawili, uliojengwa palepale ambapo mto wenyewe ungepachagua kama ungeulizwa. Mmoja wa watu hao alikuwa Zamda, dada yake wa tumbo moja, aliyeolewa huko miaka sita iliyopita.

Si kwamba Ofisi ya Bwawa haikutoa habari. Nchi zote za mto ule zilikuwa na vioo siku hizo, vioo vipana vya ukutani, ambamo mtu wa ofisi moja aliweza kumwona mtu wa ofisi nyingine na kusema naye. Kama hapakuwa na mtu mbele yake, maandishi yalibaki chini ya kioo yakingoja kusomwa. Fakihi ndiye aliyeandika, kwa mkono wake: Alhamisi, saa sita mchana, ondoeni watu Bondeni, fungueni lango la pembeni. Kioo kikawaka kijani na kujibu: "Ujumbe wako umefika." Zikapita siku saba. Hakuna neno jingine lililorudi. Siku ya nane Fakihi aliomba ruhusa, akavaa viatu.

Alianzia Idara ya Mto, kwa kuwa katika Fungamano hakuna aliyeruhusiwa kusema lolote kuhusu maji isipokuwa wao. Mkuu wa idara, Bi Tatu Sengondo, alikuwa mama mnene mwenye uso wa bashasha. Alimpokea vizuri, akamwagizia chai, akamuuliza hali ya safari, hali ya nyumbani, hali ya mvua. Nyuma yake kioo kilikuwa kimefunikwa kitenge cha maua, juu mpaka chini.

"Ujumbe wetu mliupata?" Fakihi aliuliza.

"Tuliupata, mwanangu. Vioo vyetu vyote ni vizima."

"Na mliusoma?"

Bi Tatu alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la chumbani. "Nitausomaje? Hicho kioo kinafunguka mpaka kwa Makazi. Makazi ni wakwe zetu."

Hapo ndipo Fakihi alipofahamishwa sheria ya nchi. Katika Fungamano ofisi hazikuundwa, zilizaliwa. Na kama watu, zilikuwa na ndugu, wakwe na watani. Idara ya Mto iliposwa zamani na Idara ya Makazi, kwa hiyo watumishi wa ofisi hizo mbili hawakutazamana usoni wala kutajana majina. Wakikutana njiani, mmoja aliingia kichakani. Neno la kazi lilikwenda kwa mshenga, mtu mzima mwenye fimbo na kofia, aliyeanza kwa kuomba maji ya kunywa na kumaliza siku ya tatu.

"Sasa fikiria," alisema Bi Tatu, "nimekaa hapa nimevua viatu, natafuna muhogo wangu, mara mkwe ananitokea ukutani! Tukaona heri tukifunike."

"Basi mtume mshenga. Leo hii."

"Mshenga wetu amekwenda kumtazama binti yake aliyejifungua. Mwezi ujao atakuwa amerudi."

Fakihi alimeza chai iliyomuunguza koo. "Bibi, maji yanakuja Alhamisi."

"Nimesikia, mwanangu. Ndiyo maana mwezi ujao jambo la kwanza litakuwa hilo."

"Na Idara ya Malango? Lango la pembeni likifunguliwa, nusu ya maji itakwenda mbugani. Nao ni wakwe?"

Uso wa Bi Tatu ulichanua. "Hao! Hao ni watani wetu, hatuhitaji mshenga." Akainuka, akafungua dirisha, akapaza sauti kuelekea jengo la jirani. "Nyie wezi wa maji! Alhamisi saa sita mto unakuja kuwameza, mfungue lango lenu!"

Kicheko kikubwa kilirudi kutoka upande wa pili. "Utaanza na wewe! Wewe mmoja unatosha kuushibisha!"

Bi Tatu alicheka mpaka akashika meza. Akafunga dirisha. "Umeona? Habari imefika kwa kufumba na kufumbua."

"Lakini wamecheka."

"Lazima wacheke! Neno la mtani halisadikiwi. Atakayelisadiki ametuvunjia heshima, na ni kosa kisheria."

Fakihi aliomba aelezwe tena, polepole, akaelezwa tena, polepole, na haikusaidia. Katika nchi ile ofisi zilizoweza kuambiana mambo haraka zilikatazwa kuaminiana, na zile zilizoaminiana zilikatazwa kuambiana. Tena hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeona kuna walakini.

Akapelekwa Ofisi ya Vioo, ambayo ilikuwa mpya na yenye sakafu ya kung'aa. Msimamizi wake, Bwana Luziga, alimsimamisha mbele ya ubao wenye taa ndogo arobaini na mbili, zote za kijani, akanyamaza ili mgeni apate nafasi ya kustaajabu.

"Ofisi arobaini na mbili," alisema, "na hakuna hata moja iliyo nje ya mtandao. Zamani ofisi zetu zilikuwa hazifikiani. Leo zinafikiana zote."

"Vioo vingapi kati ya hivyo vimefunikwa vitambaa?"

"Hilo si swali la ofisi hii."

"Ujumbe wetu umekaa siku tisa bila kusomwa, bwana. Kuna watu watakufa."

"Lakini ulifika," alisema Bwana Luziga, na kidole chake kikaonyesha taa. "Sisi tunapima kufika. Kusoma ni mambo ya ndani ya ofisi za watu, na hatuna adabu mbaya ya kuingilia."

Fakihi alitoka pale kichwa kinamgonga, akashuka Bondeni kwa dada yake.

Zamda alimsadiki papo hapo, maana alimjua kaka yake kuwa si mtu wa mzaha. Alisikiliza huku amempakata kuku aliyekuwa akimfunga mguu uliovunjika. Alipomaliza kusikiliza akauliza swali moja.

"Twende wapi, kaka?"

Alimwonyesha. Huku mto, kule mbuga ambayo maji ya lango yangeijaza, na nyuma ya nyumba palisimama kilima kimoja tu, Kilima cha Makaburi, kirefu, kikavu, chenye nafasi ya watu elfu. Kilizungushiwa ukuta, na lango lake lilifunguliwa kwa ajili ya maziko tu. Kulifungua kwa sababu nyingine kulihitaji amri ya Makazi, na Makazi hawakutoa amri ya maji bila neno la Mto, na neno la Mto lilikuwa na mshenga, na mshenga alikuwa na mjukuu.

"Nimekwenda Makazi mwenyewe juzi," alisema Zamda, "mara tu mto ulipobadilika rangi. Wakaniambia kioo kimenyamaza, kwa hiyo hakuna jambo. Kitambaa chao ni cheupe, cha kufuma. Kizuri kweli." Akamweka kuku chini. "Na mama mkwe wangu hatembei. Mimi simwachi."

Fakihi alishika tama. Alikuja akidhani tatizo ni habari, kwamba akiileta kwa miguu yake na kuisema kwa mdomo wake mambo yatakwisha. Habari ilikuwa imejaa tele nchini humo. Ilikuwa ukutani kwa kila mkuu, imefunikwa vizuri.

Jumanne alikwenda langoni. Mlinzi wa lango la pembeni alikuwa mtu wa Idara ya Malango aitwaye Chande, mwembamba, mwenye mikono mirefu na mvi changa. Alimtazama Fakihi kwa hadhari.

"Wewe si wa Mto?"

"Mimi ni wa juu. Ofisi ya Bwawa."

"Kwa hiyo hatuna utani, mimi na wewe?"

"Hatuna kitu chochote."

Chande alivuta pumzi, akaketi kwenye gurudumu la chuma la lango lake. "Basi nikwambie kitu, na wewe unisadiki. Mimi nimesikia kicheko cha jana dirishani, nikajua kuna jambo. Bi Tatu hutaja siku za wiki akiwa anasema kweli. Akiwa anatania husema kesho." Alijifuta uso. "Miaka kumi na tisa niko hapa. Kila ninalolisema nusu ya nchi inacheka. Mke wangu alipofariki nilikwenda kuwaambia Idara ya Mto, wakacheka. Ndiyo sheria, sina lawama. Lakini mtu anachoka, ndugu yangu."

Fakihi alimpa pole. Akauliza kuhusu lango.

Lango lenyewe lilikuwa jambo rahisi. Watu wanne walilizungusha kwa nusu saa. Mtu mmoja, kama ana pumzi, tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Chande alikuwa tayari kulizungusha kwa idhini au bila idhini. Kilichomsumbua ni Bondeni.

"Kuna siku moja tu," alisema hatimaye, "ambapo nchi hii inanisikiliza. Msibani. Pakiwa na msiba, wakwe wanashikana mikono, washenga wanapumzika, na msimamizi ni mtani. Atakalosema mtani msibani ni amri, hata kwa mkuu. Na wiki hii zamu ya usimamizi ni yangu."

Wakatazamana.

"Nani amekufa?" aliuliza Fakihi.

"Bado," alisema Chande.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba alasiri ile Fakihi alisimama mbele ya Msajili wa Nasaba na baraza lake lote, akatoa taarifa ya vifo vya watu mia tatu na kumi na wawili wa Bondeni, vitakavyotokea Alhamisi saa sita mchana. Baraza halikushtuka. Liliingia kwenye mjadala, na mjadala ulikuwa wa saa tatu.

Mjumbe mmoja alitaka kujua kama inafaa kumlilia mtu anayekusikia. Mwingine alisema marehemu wangeweza kudai chakula cha msibani, jambo ambalo halijawahi kutokea. Wa tatu, mzee wa Makazi, aliomba iandikwe kwamba yeye haoni aibu kulia mapema, ila hataki kulia mara mbili kwa mtu mmoja. Fakihi alikuwa akihesabu saa kwa vidole. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama watu wale wangeweza kutokufa.

Msajili alifungua kitabu chake. "Sheria inasema msiba huanza taarifa inapopokelewa. Haisemi kifo kiwe kimekwisha kutokea. Mtoa taarifa ni nani wa marehemu?"

"Zamda ni dada yangu. Waliobaki ni majirani zake."

"Unaapa kwamba watakufa?"

"Msipofanya chochote, wata..." Nyuma yake Chande alikohoa kwa nguvu. Fakihi akalirudisha neno mdomoni. "Watakufa," alisema.

Na hilo hakuliapia uongo, maana hata wajumbe wenyewe watakufa, na anayesimulia haya alikuwa na hamu iwe mapema. Msajili akaandika, akapiga muhuri, akalia kidogo kama desturi inavyotaka. Msiba ukatangazwa.

Yaliyofuata Jumatano, Fakihi hakuyasahau maisha yake yote. Saa kumi na mbili asubuhi vitambaa vyote vilikuwa vimeondolewa kwenye vioo, kwa kuwa msibani hakuna kuoneana haya. Saa moja, Bi Tatu na mkuu wa Makazi, watu waliokuwa wakikimbiana vichakani kwa miaka kumi na minne, walikuwa wamekumbatiana barabarani wakipeana pole. Saa mbili Chande alisimama juu ya pipa pale Bondeni, kiuno amekifunga kanga, akiamuru.

"Wewe mkuu wa Makazi, na hilo tumbo, shika upande wa miguu! Luziga, acha taa zako, kachote maji! Bi Tatu, hizo ndizi hazijimenyi! Marehemu wa nyumba ya tatu, jilaze vizuri, unawachosha wabebaji!"

Na wakatii. Majeneza hayakutosha, wakatumia vitanda na milango. Marehemu walibebwa wakiwa wamekumbatia sufuria, redio, mbuzi. Mama mkwe wa Zamda alibebwa na wakuu wanne wa idara na kusema njia nzima kwamba kama angejua kufa kuna heshima hivi, asingengoja. Zamda alikaa wima kwenye kitanda chake na kuku wake mapajani, akikataa kulala. "Nitalala nikizikwa," alisema.

Kufikia alasiri watu wote walikuwa juu ya kilima. Turubai zimefungwa, vyungu viko motoni, vyoo vimechimbwa, wagonjwa wamewekwa kivulini, na orodha ya majina imekaguliwa mara mbili na ofisi tano zilizokuwa zikipeana karatasi kwa mikono, bila barua, bila fimbo, bila kofia. Fakihi aliketi kwenye jiwe na hasira yake. Walijua! Walijua kila kitu, nani ana mikokoteni, nani ana vyungu, nani asiyetembea na yuko nyumba ya ngapi. Walikuwa wakijua siku zote. Walichokosa ni maiti.

Magharibi ilipokaribia, dua ikasomwa na matanga yakaanuliwa, maana msiba wa watu wengi hufupishwa. Chande alipanda tena juu ya pipa.

"Jamani, ngojeni. Lango la pembeni bado. Nataka watu watatu wa kuja nami kesho alfajiri. Watu watatu tu."

Kicheko kilianza kwa Idara ya Mto, kikaenea kama moto wa nyasi, na wenzake wa Malango, wasio na idhini, wakatazama chini.

"Si mzaha. Nusu ya maji ikienda mbugani, nyumba za juu za Bondeni zitasimama. Watatu."

"Chande, utatuua kwa kicheko!" alipiga kelele mmoja, akijifuta machozi. Msiba ulikuwa umekwisha. Alikuwa mtani tena.

Chande aliwangoja wamalize. Walipochelewa kumaliza, akacheka nao kidogo, akashuka. Mkuu wa Makazi, aliyekuwa akitazamana na Bi Tatu, alikumbuka ghafla na kujitupa nyuma ya kichaka.

"Nitakuja mimi," Fakihi alimwambia Chande.

"Mama mkwe wa dada yako anahitaji kupandishwa hema la juu, na wewe una visigino vibovu. Nitaanza alfajiri peke yangu. Njoo saa tatu na uji, hapo mgongo utakuwa umeanza kulalamika, tumalizie pamoja." Alifikiri kidogo. "Una hakika ni saa sita?"

"Mimi ndiye niliyepiga hesabu."

"Nitawauliza tena wenzako. Kioo cha ofisi yetu hakina kitambaa leo, na mimi kule juu si mkwe wa mtu wala mtani wa mtu."

"Waulize," alisema Fakihi. "Watakujibu mara moja. Sisi hatuna mambo haya."

Alhamisi saa tatu kasoro robo, Fakihi alikuwa akiteremka kilima na bakuli la uji wa mtama mikononi, amelifunika sahani lisipoe. Uji ulikuwa wa Zamda. Alisikia kwanza ndege wakiruka wote kwa pamoja kutoka mbugani, kisha mngurumo ambao alidhani ni mkokoteni. Alipofika kwenye kona akaona lango chini yake, limefunguka zaidi ya nusu, na mtu mwembamba ameinama juu ya gurudumu, anasukuma.

Alimwita. Aliita jina lake mara nyingi. Chande alinyanyua kichwa, si kwa kumsikia, bali kwa kuangalia juu mtoni. Akaona. Angeweza kukimbia, Fakihi alipima baadaye kwa hatua zake mwenyewe, angeweza. Alizungusha mara moja zaidi, na maji yakafika.

Nusu ya mto iligeuka na kwenda mbugani. Nyumba za chini za Bondeni zilichukuliwa zote, na nyumba sitini na nne za juu zilibaki zimesimama kwenye matope. Watu mia tatu na kumi na wawili waliyatazama hayo wakiwa kilimani, wanakunywa chai. Fakihi alibaki amesimama njiani na lile bakuli, na uji ulipoa kabisa mkononi mwake.

Watu wa Malango walikimbia mpaka chini ya dirisha la Idara ya Mto, wakaita, "Chande amechukuliwa na maji!" Na Idara ya Mto ikacheka. Bi Tatu alisimama dirishani akacheka, kama sheria inavyotaka, na machozi yakimshuka mashavuni mpaka shingoni, akacheka mpaka akaishiwa pumzi, akafunga dirisha.

Chande hakufanyiwa msiba. Msimamizi wa misiba wa wiki ile alikuwa yeye mwenyewe, na hapakuwa na ofisi yenye uwezo wa kuteua mwingine bila mshenga.

Ijumaa baraza likakaa kutathmini. Bwana Luziga alisoma taarifa kwamba taa arobaini na mbili hazikuzimika hata dakika moja, na akapigiwa makofi. Iliamuliwa kwamba watu wa Bondeni watazikwa kila mwaka tarehe hiyohiyo, iwe mto umejaa au umekauka. Zamda alipokwenda kuomba kibali cha kujenga upya, aliambiwa ni marehemu. Kumfufua kulihitaji barua ya pamoja ya Mto na Makazi.

"Nenda nyumbani, kaka," alimwambia Fakihi. "Umefanya uliloweza. Mimi nitakaa hapahapa nimekufa mpaka mshenga arudi." Alimtazama. "Saa sita, ulisema."

"Nilisema."

"Sikulaumu. Nauliza tu."

Alirudi kwao kwa siku tatu, maana visigino vilikuwa vimeoza. Ofisini aliwakuta wenzake saba kwenye meza zao, wakampa pole ya safari, wakamweleza habari. Mkuu alikuwa na wageni Alhamisi adhuhuri, hakutaka wakute matope, akaamuru maji yafunguliwe usiku badala ya asubuhi. Tofauti ilikuwa ya saa tatu tu.

Fakihi alikwenda kwenye kioo. Chini yake, nyuma ya birika, palikuwa na maandishi ya Jumatano jioni.

*Waungwana wa juu, mimi ni Chande wa Malango. Hapa kwetu mimi sisadikiwi, lakini nyinyi si watani wangu. Nijibuni neno moja tu. Kesho ni saa sita kweli? Nitakuwa langoni peke yangu.*

Kwao Fakihi hakukuwa na wakwe wala watani. Kila ujumbe ulikuwa wa wote, na kila aliyeusoma aligusa kioo kuweka alama yake, ili mkuu ajue kazi inakwenda. Chini ya maneno ya Chande zilipangwa alama, moja baada ya nyingine: Nimeona. Nimeona. Nimeona. Alizihesabu. Zilikuwa saba.

"Hili nani alilijibu?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya kwake.

Wakatazamana. "Nilidhani Mwatime," alisema mmoja.

"Mimi niliona alama yako," alisema Mwatime.

"Mimi nilikuwa wa saba," alisema mwingine, kwa upole wa mtu asiye na kosa. "Nikaona watu sita wamekwisha kuliona. Nikajua limeshughulikiwa."

Fakihi aliondoa birika. Alikaa mbele ya kioo. Kisha akaandika, kwa mkono wake, kwa herufi zilizosimama vizuri: *Hapana. Ni saa tatu. Ondoka.*

Kioo kikawaka kijani.

"Ujumbe wako umefika."